Mwajiri, 'pole' pekee haitoshi mfanyakazi akiumia

Ukungu ulikuwa bado haujainuka mashambani niliposhuka matatu kando ya barabara itokayo Karatina kwenda Nyeri. Mama aliyeniita alikuwa amesimama langoni pa kiwanda chake kidogo cha kupasua mbao, leso mabegani, bahasha mkononi. Hata salamu hatukuzimaliza.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu nisomee barua hii, uniambie kama inasema kile ninachodhani inasema."

Barua ilitoka katika ofisi ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini. Ilimtaka alipe fidia ya kijana aliyekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na msumeno wake miezi kumi iliyotangulia. Nilipomsomea kiasi kilichotajwa, mama aliketi juu ya gogo la mkaratusi na kushika tama.

"Lakini haya tuliyamaliza!" alisema. "Gharama ya hospitali nililipa mimi. Kijana nikampa shilingi 20,000. Mama yake nikampelekea unga na sukari, na tunasali kanisa moja. Tukaandikiana mbele ya wazee wawili, naye akatia sahihi kwamba hanidai tena. Sasa hii ni nini?"

Nilimwomba anionyeshe hayo maandishi. Alikuwa ameyahifadhi vizuri ndani ya Biblia: ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la shule, sahihi nne na alama ya kidole gumba. Ilinibidi nimweleze, kwa upole niliouweza, kwamba mbele ya sheria karatasi ile haikuwa na uzito wowote.

Mpenzi msomaji, sitamtaja mama huyu wala kijana huyo, kwani wote wawili ni watu wa kuheshimiwa na bado ni majirani. Nimeomba ruhusa ya kusimulia kisa chao kwa sababu si chao peke yao. Zunguka miji yetu hii inayouzingira Mlima Kenya, kuanzia Othaya na Nyeri hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Utakuta mashine za kusaga unga, karakana za kuchomelea vyuma, machimbo ya mawe, mitambo ya kahawa, hoteli na majumba yanayojengwa. Nyingi ya shughuli hizi ni za watu wa kawaida walioajiri vijana watano, wanane au kumi na wawili.

Wengi wa waajiri hawa si watu wabaya. Mfanyakazi akiumia watamkimbiza hospitalini, watamtembelea, watachangisha. Kosa lao ni kudhani kwamba wakishatoa pole wamemaliza. Pole ni utu, na fidia ni haki. Ukitoa moja, nyingine bado unadaiwa.

SHERIA MBILI ZA KUJUA

Kuna sheria mbili ambazo kila mwajiri, hata mwenye kibarua mmoja katika biashara yake, anapaswa kuzifahamu. Zote mbili zilipitishwa mwaka 2007.

Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyoanza kutumika Oktoba 2007. Kazi yake ni kuzuia ajali. Inamtaka mwenye mahali pa kazi asajili mahali hapo, azibe sehemu hatari za mashine, atoe vifaa vya kujikinga, na awafunze watu wake kabla ya kuwakabidhi mashine. Penye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima pawe na kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Aidha, ukaguzi wa usalama unatakiwa ufanywe na mtaalamu aliyesajiliwa, angalau mara moja kila baada ya miezi 12.

Ya pili ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 236. Kazi yake huanza pale ambapo ile ya kwanza imeshindwa, yaani damu ikishamwagika.

Jambo kubwa katika sheria hii ya pili ni kwamba haiulizi kosa ni la nani. Mfanyakazi hana haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Akiumia akiwa kazini kwa sababu ya kazi, analipwa. Kwa upande wake, mwajiri anapata afueni moja: hawezi kushtakiwa mahakamani kwa madai ya mamilioni yasiyo na mpaka. Malipo yana kipimo kinachojulikana mapema.

Wazo hili si geni duniani. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikawa na sheria yake ya fidia mwaka 1897. Walikuwa wamechoka kuona mfanyakazi maskini akihangaika kortini miaka nenda miaka rudi na tajiri mwenye mawakili, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa kwetu sheria hiyo ilipingwa mapema. Chama cha Mawakili nchini kilikwenda kortini, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikafutilia mbali vifungu kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilirudisha karibu vyote, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo wa rufaa. Tangu hapo mambo ni bayana: anayedai fidia huanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi zake za mashinani. Mahakama huja baadaye, endapo kuna asiyeridhika.

Ndiyo maana barua ile ilitoka serikalini, si kwa wakili. Kijana hakumshtaki mama yake wa kanisa. Alikwenda tu kuuliza haki yake, na afisa akafanya kazi yake.

HESABU YA VIDOLE VIWILI

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo waajiri wengi hupigwa na butwaa.

Mtu akipata ulemavu wa kudumu, daktari hupima ni asilimia ngapi ya uwezo wake iliyopotea, akifuata jedwali lililo ndani ya sheria. Aliyepofuka macho yote mawili, kwa mfano, huhesabiwa kuwa amepoteza asilimia 100. Aliyepoteza kidole au sehemu ya kidole huhesabiwa kiasi kidogo, kulingana na kidole chenyewe na mahali kilipokatikia.

Asilimia 100 ni sawa na mapato ya miezi 96, yaani mshahara wa miaka minane. Chukua mfano wa kibarua anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akisema amepoteza asilimia 12, fidia yake ni shilingi 172,800.

Hapo bado hujahesabu siku ambazo hakufanya kazi. Wakati mtu yuko nyumbani akiuguza jeraha, sheria inataka aendelee kupata malipo yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Akikaa miezi mitatu, hiyo ni shilingi 45,000 zaidi. Tena kuna matibabu: daktari, upasuaji, dawa, na hata mguu au mkono wa bandia ukihitajika. Zote hizo ni gharama za mwajiri.

Na mfanyakazi akifariki? Wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 96, na mwajiri hugharimia mazishi kwa kiwango kinachokubalika.

Mama yule alitoa shilingi 20,000 kwa moyo safi. Ukiziweka kando ya hesabu hii utaona umbali uliopo kati ya pole na fidia.

UTETEZI USIOSAIDIA

Nilipokuwa nikizungumza na waajiri wengine mjini Karatina na Nyeri kuhusu makala haya, nilisikia utetezi wa aina nne. Ningependa tuupitie mmoja mmoja.

Kwanza: "Tuliandikiana, akakubali." Sheria inasema wazi kwamba mapatano yoyote yanayomfanya mfanyakazi aachilie haki yake ya mafao ni batili. Hata yakishuhudiwa na wazee, chifu au askofu, ni bure. Wazee wetu wana nafasi yao katika kupatanisha nyoyo, lakini hawawezi kufuta haki iliyowekwa na Bunge.

Pili: "Alikuwa kibarua tu wa siku." Kibarua anayefanya kazi ya biashara yako kwa ujira ni mfanyakazi wako. Hata mwanagenzi uliyemchukua kumfunza kazi anahesabiwa. Barua ya ajira ikikosekana, kitabu chako cha malipo au simu yako yenye kumbukumbu za M-Pesa vitasema.

Tatu: "Nilimkataza asishike mashine ile." Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Iwapo ajali imesababishwa na utovu wa nidhamu wa makusudi, na jeraha si baya, mfanyakazi anaweza kukosa fidia. Lakini akifa au akipata ulemavu mbaya, na alichokuwa akifanya kilikuwa kwa manufaa ya biashara yako, utetezi wa kwamba alikiuka maagizo hautakuokoa.

Nne: "Ninamlipia NSSF na bima ya afya ya serikali." Hongera, lakini hayo ni mengine. NSSF ni akiba ya uzeeni, na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu ya raia wote. Hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua mahali pa bima ya majeraha kazini.

BIMA NI YA NANI?

WIBA inamlazimu kila mwajiri awe na bima ya kulipia majeraha ya wafanyakazi wake. Kutokuwa nayo ni kosa linaloweza kukufikisha kizimbani. Huuzwa na makampuni ya bima yenye ofisi au mawakala katika miji yetu mingi. Bei yake hutegemea mambo mawili makuu: jumla ya mishahara unayolipa kwa mwaka na hatari ya kazi yenyewe. Mwenye duka la nguo atalipa kidogo kuliko mwenye msumeno au chimbo la mawe.

Hapa yafaa tahadhari. Usimdanganye wakala kwamba una watu watatu ilhali una tisa, au kwamba unalipa 8,000 ilhali unalipa 15,000. Siku ya ajali kampuni itataka kuona orodha ya malipo, nawe utajikuta umelipia bima isiyokufaa. Hifadhi rekodi za majina, tarehe za kuajiriwa na malipo ya kila mtu. Daftari la kawaida linatosha, mradi liandikwe kila siku na lisikae kwenye vumbi la mbao.

Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Huko, badala ya kila mwajiri kutafuta kampuni yake, waajiri wote huchangia mfuko mmoja wa serikali, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Sekta ya kibinafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na baadaye kiwango kikapunguzwa hadi asilimia 0.5. Ni mjadala mzuri kwa wabunge wetu. Hata hivyo, kwa sasa jukumu la kutafuta bima liko mabegani mwako wewe mwajiri.

Mama wa Karatina alikuwa na bima miaka ya nyuma. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mnamo Februari 2018, biashara ya mbao iliyumba vibaya. Magogo yakawa adimu, vijana wakapunguzwa, na bima ikawa miongoni mwa matumizi ya kwanza kukatwa. "Nilijiambia nitairudisha mambo yakinyooka," alinieleza. Mambo yalinyooka kidogo, vijana wakarudi, mashine ikanguruma tena. Bima haikurudi.

AJALI IKITOKEA, FANYA HIVI

Huduma ya kwanza ndiyo hatua ya mwanzo. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mkono juu kuliko moyo. Kama kidole kimekatika, usikitupe wala usikiweke moja kwa moja juu ya barafu. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vyema, kisha uweke mfuko huo ndani ya maji yenye barafu na uende nao hospitalini pamoja na majeruhi. Zima mashine, na usiruhusu mtu kuigusa hadi ijulikane kilichotokea. Gari la kumfikisha hospitalini ni jukumu la mwajiri.

Pili, ripoti. Mfanyakazi anaweza kukuarifu kwa maandishi au kwa mdomo tu, hata kupitia ndugu yake. Ukishajua, una siku 7 za kupeleka taarifa ya maandishi katika ofisi ya usalama na afya kazini ya eneo lako. Fomu inayotumika hujulikana kama DOSH/WIBA 1, nayo ina sehemu yako na sehemu ya daktari. Mtu akifa, afisa aarifiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku hizo 7. Ukiwa na bima, kampuni nayo ipashwe habari mara moja.

Waajiri wengi huogopa hatua hii. Hudhani kwamba kuripoti ni kujishtaki. Kusema kweli ni kinyume. Taarifa iliyopelekwa mapema huonyesha kwamba hukuwa na la kuficha, huisaidia kampuni ya bima kulipa, na huandika kisa kilivyokuwa kabla hakijaongezwa chumvi. Ajali isiyoripotiwa haipotei, hungoja tu. Dai la fidia linaweza kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Kijana wetu alikuja mwezi wa kumi.

Tatu, malipo. Dai likishaletwa kwako au kwa kampuni yako ya bima, kuna siku 90 za kulilipa. Pesa hupitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumfikishia mwenyewe. Usimpe mtu fedha mkononi ukadhani umemaliza.

Nne, kutoridhika. Ukiona kiasi ni kikubwa mno, au mfanyakazi akiona ni kidogo mno, kila mmoja ana siku 60 za kumwandikia Mkurugenzi pingamizi. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa siku 14. Asiyeridhika na jibu ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ile iliyokuwa ikiitwa Mahakama ya Viwanda. Kwa wakazi wa eneo hili hakuna haja ya kusafiri hadi Nairobi, kwani mahakama hiyo ina kituo chake hapa Nyeri.

Nitaongeza la tano, ambalo ni la busara tu: usimfute kazi aliyeumia ukidhani utakwepa. Haki ya fidia ilizaliwa siku ya ajali, na kumfukuza hakuiui. Utakuwa umejiongezea kesi ya pili.

USIPOZIBA UFA

Baada ya kuisoma ile barua, nilimwomba mama anionyeshe msumeno wenyewe. Ulikuwa umetulia mahali pake, meno yaking'aa, na juu yake hapakuwa na chochote. Kifuniko kilikuwako zamani, alisema, lakini vijana walikitoa kwa sababu kiliwachelewesha. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimeota kutu.

Kanuni za mashine za kuranda na kupasua mbao tulizo nazo nchini ni za mwaka 1959, kwa hivyo hakuna awezaye kusema ni mambo mapya. Busara yake ni rahisi. Msumeno wa mviringo uwe na kifuniko juu. Nyuma yake pasimame kisu cha chuma cha kuzuia mbao isibane msumeno na kurushwa kifuani pa mtu. Kando pawekwe kijiti cha kusukumia kipande cha mwisho cha mbao, ili vidole visifike karibu na meno. Na anayeshika mashine awe amefunzwa.

Nami niongeze machache ambayo mafundi wazoefu walinieleza. Swichi ya kuzima iwe karibu na mkono wa fundi, si upande wa pili wa chumba. Mikono mipana ya koti, mitandio na kamba za kofia zifungwe au zivuliwe. Hata glavu, ambazo watu hudhani ni kinga kila mahali, ni hatari karibu na msumeno unaozunguka, kwani meno yakinasa uzi mmoja huvuta mkono wote. Glavu ni za kubeba mbao. Kwenye msumeno, kinga ni kifuniko na kijiti.

Si vidole tu vya kulinda. Vumbi la mbao huingia mapafuni, na kelele huua masikio polepole bila mtu kugundua. Kanuni za mwaka 2005 zimeweka kikomo cha kelele kuwa desibeli 90 kwa saa 8 za kazi. Kipimo rahisi ni hiki: ukiona wafanyakazi walio umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupigiana kelele ndipo wasikizane, jua masikio yao yamo hatarini na uwanunulie vifaa vya kuziba. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo hulipiwa fidia, sawa na ajali.

Wenye mashine za kusaga, zibeni mikanda inayozunguka. Wenye majengo, msiwapandishe vijana kwenye jukwaa la miti iliyooza. Wenye karakana za kuchomelea, nunueni miwani inayofaa, maana ile ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Wenye mashamba, msimpe mtu pampu ya dawa bila buti na barakoa. Na wewe mfanyakazi unayesoma, usikitoe kifuniko kwa sababu kinakuchelewesha. Sheria inakutaka nawe ujilinde, na uripoti hatari unapoiona.

Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazini. Idadi hiyo ni kubwa kiasi kwamba haimgusi mtu. Mimi ilinigusa nilipokwenda kumsalimu yule kijana nyumbani kwao, akaniandalia chai. Alishika kikombe kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akauficha chini ya meza.

"Dada," aliniambia, "mimi sikutaka kumwaibisha mama. Alinitendea mema. Lakini nilienda kutafuta kazi kwingine, mara tatu. Kila mahali wanaangalia mkono kwanza."

Miezi kadhaa baadaye nilipita tena pale kiwandani. Mama alikuwa amekubaliana na ofisi alipe kwa awamu, na alishauza ng'ombe wawili wa maziwa kwa ajili ya awamu ya kwanza. Yeye na familia ya kijana husalimiana kanisani, ingawa hawakai tena benchi moja. Sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Lakini msumeno ulikuwa na kifuniko. Fundi wa jua kali wa hapo Karatina alikitengeneza upya kwa siku moja, pamoja na kile kisu cha nyuma, kwa shilingi 7,500. Kijiti cha kusukumia kilikatwa kwenye mabaki ya mbao bila gharama yoyote. Ukutani, mahali palipoegemezwa kile cha zamani, mama alikuwa amebandika cheti chake kipya cha bima.

"Elfu saba na mia tano," alisema akikipigapiga kifuniko kwa kiganja. "Ningalijua, mwanangu."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mwajiri unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo, kesho Jumatatu utafungua lango kama kawaida. Kabla ya kuwasha mashine, itazame vyema. Kisha fungua kabati uone kama bima yako haijaisha muda.

Juma lijalo tutazungumza kuhusu upande wa pili: mfanyakazi aliyeumia na mwajiri wake anakataa kuripoti, aanzie wapi? Hadi wakati huo, nakutakia Jumapili njema na kazi salama.